Surua Isiyokuwa Yangu

Quito, 14 Agosti 1692

Kwa Mama Mkubwa Leocadia, Cuenca.

Mama mkubwa, naomba baraka yako kwanza, mengine yafuate. Sisi huku tu wazima, na neno hilo nalishika kwa mikono miwili, maana si kila mlango wa mtaa wetu unaoweza kulisema wiki hii. Baltasar anakusalimu. Mikono yake ni ya buluu mpaka viwikoni, rangi ya karakana ya vitambaa haitoki hata Jumapili, na watu wakimwona kanisani kwa mara ya kwanza hudhani mume wangu ni mgonjwa. Inés ametimiza miaka minne na anajua maneno yote isipokuwa "samahani". Tumbo langu limeingia mwezi wa tano. Tukijaliwa, tutapata mtoto karibu na Krismasi, na akiwa msichana tumekubaliana aitwe Micaela, jina la marehemu mama. Jibini uliyotuma imefika nusu. Mwenye nyumbu anasema nusu nyingine ilitumbukia mtoni, na alipokuwa akisema hivyo masharubu yake yalikuwa yanang'aa mafuta.

Sasa nikuambie kilichonikalisha mezani kuandika.

Surua imeingia mjini. Wanasema ilikuja na misafara ya kaskazini, ikaanzia nyumba za wanaouza chumvi, na sasa iko mtaa wetu wa San Roque. Jumatano iliyopita kengele za maziko ya watoto zililia mara kumi na moja kwa siku moja. Kisha wakubwa wakaamua zisilie tena, wajawazito tusije tukatishika. Kwa hiyo hazilii, na sisi tunatishika zaidi, kwa sababu sasa hatujui.

Jumapili padre alitangaza kwamba kila mwanamke aliyekwisha kuugua surua aandikishe jina lake, maana surua haimrudii mtu aliyeiugua. Wanawake hao watafungwa kitambaa chekundu mkononi ili wafunguliwe milango, waingize maji na uji, wageuze wagonjwa, wafumbe macho waliokufa. Kuna nyumba ambazo mama na watoto wamelala wote hoi na hakuna wa kuwasha moto. Wanakufa kwa kiu, mama mkubwa, wala si kwa surua.

Unajua mama alivyokuwa akinisimulia. Kwamba nilipokuwa na miaka mitatu niliwiva mwili mzima kama pilipili, ukanilaza kwenye kapu la sufi, na katikati ya homa nikataka pichi na haukuwa msimu wake, ukazunguka Cuenca nzima ukitafuta. Nimeisikia hadithi hiyo mpaka naona kama naikumbuka mwenyewe. Lakini Baltasar ana mashaka. Jana alisema, "Mbona huna alama hata moja?" Nikamwambia, "Alama ni za ndui, bwana. Wewe jua rangi zako." Akacheka, ila hakuridhika.

Jirani yangu Ludgarda, yule aliyenizalisha Inés, amelala upande wa pili wa ukuta na watoto wake watatu. Namsikia akikohoa ninapopika. Nikikaa tu hapa na kitambaa chekundu ni haki yangu, nitamtazama Mungu kwa jicho gani? Hata hivyo nimemwahidi Baltasar kwamba sitaandikisha jina mpaka jibu lako lije. Wewe ndiye uliyenilea katika ugonjwa huo, na umebaki wewe tu wa kuulizwa. Basi niambie kwa kinywa chako: niliugua?

Mwanao,
Eufrasia


Cuenca, 3 Septemba 1692

Mwanangu Eufrasia,

Anayeandika ni don Celedonio, karani wa kanisa letu, kwa sababu macho yangu yameingia ukungu na mistari yangu siku hizi inatembea kama mlevi. Anakusalimu. Mimi ni mzima. Mvua imekuwa nyingi na kuku wawili wamekufa maji ndani ya banda lao wenyewe, jambo ambalo sijapata kuliona tangu nizaliwe. Binamu yako Hilario ataoa mwezi wa Novemba. Bibi harusi ni mnene, mpole na anajua kuoka mikate, kwa hiyo Hilario amepata zaidi ya anachostahili. Nitatuma jibini nyingine, na safari hii nitaishona ndani ya gunia kwa sindano ya viatu tuone.

Nimefurahi kusikia habari ya tumbo. Kunywa mchuzi wa kuku, usibebe maji, usikae kwenye upepo wa mlangoni.

Kuhusu lile uliloniuliza: mama yako alikuambia, na mama yako hakuwa mwongo. Sina cha kuongeza hapo.

Lakini usiende. Una mimba, na mwenye mimba hana kazi katika nyumba za wagonjwa, awe amepita surua au hajapita. Waende wengine, mji una wanawake wengi. Mwambie padre mama yako mkubwa amekataza. Mwambie nimeota ndoto mbaya. Mwambie lolote.

Mungu akulinde, akulinde, akulinde.

Mama yako mkubwa,
Leocadia

Señora, mimi Celedonio naongeza mstari kwa idhini yangu mwenyewe. Baada ya mama yako mkubwa kusema habari za marehemu nilimuuliza kama tumemaliza, akasema tumemaliza. Nilipokwisha kufunika wino akaniambia nifunue tena, niandike "usiende". Nami nimeandika.


Quito, 27 Septemba 1692

Mama mkubwa mpenzi,

Baraka yako tena. Barua yako ilifika siku tisa zilizopita, na jibini imefika nzima. Mwenye nyumbu aliikabidhi amenuna, akaniuliza huko Cuenca wanashona jibini kwa kosa gani. Baltasar na Inés ni wazima. Mtoto anacheza tumboni, hasa nikitaka kulala.

Nisamehe, nimekwenda. Nilimsomea Baltasar mstari ule, kwamba mama hakuwa mwongo, akaushika ukingo wa meza akasema, "Haya, kama Leocadia amesema, mimi ni nani." Kile ulichosema juu ya tumbo nilikisoma pia, sikukificha. Lakini siku hiyo hiyo Ludgarda, ambaye alikuwa ameinuka kisha akaanguka tena, aliacha kukohoa, na ukimya wake ulinitisha kuliko kikohozi. Niliandikisha jina asubuhi yake.

Nimepangwa na mama mmoja, Petrona Chicaiza, ambaye aliugua surua zamani na amezika watoto wanne kwa ndui. Ana ulimi mkali kama wembe. Siku ya kwanza alinitazama tumbo akasema, "Padre kanipa mmoja wa kunisaidia, naona wamekuja wawili. Huyo mdogo naye kapita surua?" Nikamwambia huyo yuko ndani yangu, kinga yangu ni yake. Akasema, "Tuombe awe anajua hivyo."

Ludgarda tulimkuta hai. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na mtoto wake wa mwisho alikuwa amefia kwapani mwake, naye mama hakuwa ametambua. Nilimnywesha kwa kitambaa, tone kwa tone. Aliniuliza mbona mtoto hanyonyi. Petrona akamjibu, "Amelala, mama, na wewe lala." Ludgarda akafa kesho yake mchana. Wawili waliobaki wanaishi.

Naogopa, mama mkubwa. Sikuogopa kabla ya kuingia, naogopa sasa. Si kwa ajili yangu, mimi nina mama yangu na neno lako. Naogopa vyumba vyenyewe. Watu wamening'iniza mablanketi mekundu madirishani, wanasema wekundu huivuta surua itoke nje ya mwili, basi ndani kila kitu ni chekundu, hata maji ya kikombe, na huoni nani ana vipele na nani ni rangi ya dirisha tu. Wagonjwa wanakuangalia kwa macho yanayotoka uchafu. Watoto wananing'ang'ania shingo, wananikoholea usoni, na siwezi kuwabandua kwa sababu wanaita mama.

Nikirudi nyumbani navua nguo zote uani, najimwagia maji ya siki, Baltasar ananirushia nguo nyingine akiwa ameangalia pembeni kama bwana harusi mwenye haya. Inés nimemkataza kunikumbatia mpaka nikauke. Hasikii. Jana alikuja akanivaa miguu nikiwa bado nimeloa.

Niombee. Na usinikasirikie.

Eufrasia


Cuenca, 12 Oktoba 1692

Eufrasia,

Naandika mwenyewe. Mistari itapanda na kushuka, vumilia. Barua yako imefika asubuhi hii na sijaweza kula. Sikusalimu kwanza, nitakusalimu mwisho.

Hujawahi kuugua surua. Toka katika nyumba hizo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Ukishatoka, rudi usome.

Kulikuwa na Eufrasia kabla yako. Mama yako alimzaa mwaka wa sitini na moja, na yeye ndiye aliyeugua, akiwa na miaka mitatu, katika kapu la sufi, akitaka pichi. Hakupona. Alikufa siku ya sita baada ya vipele kutoka. Wewe ulizaliwa mwaka uliofuata, ukapewa jina lake.

Unaijua desturi yetu, mtoto akifa anayemfuata anarithi jina. Nusu ya watu wa mtaa huu wanatembea na majina ya kaka na dada zao waliokufa, na hakuna anayeona ajabu. Don Celedonio mwenyewe ni Celedonio wa tatu, na huwataja wale wawili kila misa ya wafu. Wengine wote huambiwa. Wewe hukuambiwa. Mama yako alipokupokea kutoka kwa mkunga alikutazama akasema, "Amerudi," na tangu siku hiyo hakukubali kwamba mlikuwa wawili. Kila kilichompata yule alikuhesabia wewe. Jino la kwanza la yule likawa lako. Surua yake ikawa yako, ila mwisho wake akaubadilisha. Nilidhani itampita. Kisha ukafika umri wa kusema, na siku moja ukamsimulia mgeni kwamba uliugua ukapona, na mama yako akacheka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake kwa miaka. Nani angemkata kauli? Si mimi.

Na sasa nikuambie kwa nini si mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Jirani yetu alifiwa na mtoto, wakamvika nguo nyeupe na mabawa ya karatasi, wakamketisha juu ya kiti katikati ya maua, kukawa na kinanda na pombe ya mahindi, maana mtoto amekwenda moja kwa moja mbinguni na haifai kumlilia. Mama yako alikuwa amelala na maumivu ya kichwa. Nilimchukua yule Eufrasia nikampeleka kuona malaika. Watoto walikuwa wanapangwa mstari, kila mmoja ananong'ona salamu sikioni mwa maiti ili azipeleke kwa jamaa zao huko juu. Nilimwinua mimi mwenyewe. Nilimwambia, "Mwambie amsalimie babu." Aliweka shavu juu ya shavu la yule mtoto na akakaa hivyo muda mrefu, kwa sababu alikuwa na mengi ya kumwambia babu. Ndugu wa yule marehemu walikuwa wamesimama pale wakikohoa. Nyumba nzima ilijua ilikuwa surua. Mimi pia nilijua. Niliona mapambo ni mazuri, nikataka ayaone.

Siku kumi baadaye alianza. Inaanza kwa macho kuwasha na kutoka machozi, na mafua, na mwanga unaumiza. Mtu hudhani ni moshi. Vipele huja siku ya tatu au ya nne. Ukijisikia hivyo usiseme ni uchovu.

Mama yako hakuniuliza nilikuwa nimempeleka wapi. Aliniapisha tu mbele ya msalaba nisimtaje tena. Nikaapa upesi, kwa kuwa kiapo kile kilinifaa mimi kuliko kilivyomfaa yeye.

Siku ya barua ile ya kwanza don Celedonio alikuwa amekaa na kalamu yake, na mimi nilijua la kusema. Nimejidanganya wiki hizi zote kwamba nilimwonea haya karani. Nilikuogopa wewe. Niliogopa utaniuliza alikufaje. Nikaona "usiende" ingetosha.

Nampa barua hii mfanyabiashara anayekwenda Riobamba kwa farasi, naye ataipokeza mbele. Nakusalimu. Nawasalimu wote. Toka katika nyumba hizo.

Leocadia


Quito, 3 Oktoba 1692

(Juu, kwa mwandiko wa Leocadia: imenifikia tarehe 17.)

Mama mkubwa,

Baraka. Naandika kwa ufupi kwa sababu mwenye nyumbu yuko mlangoni na ana haraka, anasema mji huu unanuka makaburi na hataki kulala hapa.

Mtaa wetu unapumua kidogo. Jana tulipeleka uji nyumba tisa tu, wiki iliyopita zilikuwa ishirini. Watoto wawili wa Ludgarda wanakaa kwa mama yake. Petrona amenishonea mto wa kukalia kwa sababu anasema mgongo wangu unapiga kelele kuliko mlango.

Leo sikwenda. Si jambo la kukutia wasiwasi. Wanachoma majani ya rosemari katika kila chumba na moshi umenikaa machoni, yanawasha na kutoka machozi, na nimepata mafua. Baltasar amefunga dirisha maana jua linanichoma. Petrona amekuja akasimama mlangoni akanitazama sana, nikamwambia, "Nini, unanipima sanda?" Kwa kawaida angenijibu. Safari hii aliniambia tu nilale.

Kesho kutwa nitakuwa sawa. Inés anakutumia busu, amelibandika hapa chini, ile alama ya mafuta ni mdomo wake.

Eufrasia


Cuenca, 17 Oktoba 1692

Eufrasia, si moshi.

Kama ni wewe unayesoma, lala gizani, kunywa maji hata kama hutaki, mwondoe Inés apelekwe kwa mtu aliyekwisha kupita. Barua yangu ya tarehe 12 itakuwa imefika au iko njiani. Inaeleza yote. Usiisome ukiwa na homa.

Kama ni Baltasar unayesoma, nisikilize. Usikubali tabibu amtoe damu. Mwenye mimba na surua asitolewe damu, hata padre akisema. Mpe maji. Mshike asijikune macho. Petrona asiondoke.

Nimemuuliza Hilario kama anaweza kunileta Quito. Anasema daraja la bonde limechukuliwa na maji na mimi sioni hata sahani iliyo mbele yangu. Nimemtukana, na ana haki.

Nileteeni neno moja. Hata mstari mtupu wa wino, nitaelewa.

Leocadia


Cuenca, 5 Novemba 1692

Misafara miwili imeingia kutoka kwenu, hakuna barua. Nilikwenda mwenyewe kwenye zizi la nyumbu nikiongozwa na mke mtarajiwa wa Hilario. Niliwauliza waendeshaji mmoja mmoja. Mmoja alisema San Roque wamekufa wengi. Mwingine akasema, "Mama, hata wasiokufa hawaandiki, hawana nguvu." Nimeishika hiyo ya pili. Kila siku naamka nayo.

Nimemwambia don Celedonio kila kitu. Aliniuliza kama yule wa kwanza aliwahi kuombewa misa. Nilimwambia hapana. Mama yako hakutaka, na mimi sikuthubutu.

Leocadia


Quito, 20 Novemba 1692

Mama mkubwa,

Niko hai. Naandika siku ya pili sasa barua hii moja, mkono unachoka upesi. Baltasar ni mzima, aliugua utotoni kweli, mama yake yupo na ameapa mara tatu tangu tulipomuuliza tena. Inés alianza tarehe 17 Oktoba. Nilimletea mimi. Amepona, ila sikio la kushoto halisikii. Tukimwita kutoka upande huo anaendelea kucheza, na kila anapoendelea kucheza mimi hukaa chini.

Barua yako ndefu ilifika tarehe 24. Baltasar aliisoma peke yake, akaificha siku nane ndani ya pipa la rangi kavu, ndiyo maana sasa ina ukingo wa buluu. Namwelewa, sikuwa mtu wa kusomewa barua. Yote yalikuwa yamekwisha wakati huo.

Vipele vilinitoka tarehe saba Oktoba. Tarehe kumi na moja nilishikwa na uchungu. Petrona alikuwepo, hakuondoka, na tabibu alipokuja na vifaa vyake vya kutoa damu alimwambia, "Umtoe nani? Huyu hana hata tone la kutoa." Akamfukuza kabla barua yako haijafika, bila kuambiwa na mtu. Mtoto alitoka akiwa hai. Msichana. Alitoshea mikononi mwa Petrona ikabaki nafasi. Padre alikuwa nyumba ya mbali, kwa hiyo Petrona alichukua maji ambatize mwenyewe, akaniuliza, "Jina. Upesi." Nikasema Micaela. Aliishi muda wa rozari moja. Nilikuwa nimepatwa na upofu wa homa, sikumwona vizuri. Nilimsikia. Alipiga chafya mara mbili.

Watu walitaka kumvika mabawa. Nilikataa, wakadhani ni homa. Hakuna mtoto aliyeinuliwa amnong'oneze. Hilo sikulijua kwa barua yako, mama mkubwa, nililijua kwa zile nyumba nilizoingia.

Sasa nikuambie la hasira, kisha nipumzike. "Hukuugua wewe, aliugua dada yako." Ni maneno matano. Don Celedonio angeyaandika kabla wino haujakauka kwenye kalamu, na mimi ningebaki nyumbani nikimsikiliza Ludgarda akifa ukutani, na ningelia, na Micaela angekuwa tumboni mpaka leo. Nimeyahesabu maneno hayo mara nyingi nikiwa gizani. Kuna siku nakuchukia mchana kutwa. Kisha namwita Inés kutoka kushoto, haitiki, na Baltasar ananiuliza, "Ataambiwa akikua, ilikuwaje?" nami natafuta jambo lingine la kusema. Kwa hiyo najua mtu anavyonyamaza. Sijui kama huko ndiko kusamehe.

Juzi mama mkwe alinishika mkono akasema nisihuzunike, mimi bado kijana, nitazaa tena na tutamwita Micaela. Alisema kwa wema. Mtaa mzima unasema hivyo hivyo, hata muuza mikate. Baltasar naye alitikisa kichwa kukubali. Nikawaambia hapana. Micaela amekwisha kuzaliwa. Nywele zake zilikuwa nyeusi, Petrona aliniambia. Atakayekuja baadaye, kama atakuja, atakuja na jina lake na magonjwa yake. Mama mkwe alijifanya ishara ya msalaba, akatoka nje.

Mwambie don Celedonio aiandike misa, kwa jina la Eufrasia binti Micaela, wa mwaka wa sitini na moja, na asiniandike mimi kwa makosa.

Na wewe, usiniombe radhi tena katika barua ijayo, sina nguvu ya kuipokea. Nataka kitu kingine. Miaka ishirini na saba nimekuwa na dada na sikujua, nikala meno yake na homa yake na pichi yake. Umebaki peke yako duniani unayemjua, na macho yako yanakwenda. Niandikie alivyokuwa. Alikula nini, aliogopa nini, alikuwa anakuitaje, alikuwa na mengi gani ya kumwambia babu. Usimtumie karani. Mistari ikipanda, ipande.

Mimi nikipata nguvu nitakuandikia habari za Micaela. Ni chache, hazifiki nusu ukurasa. Za Eufrasia ni za miaka mitatu. Ziandike zote.

Eufrasia